Eti Wagogo Wameuza Wenyewe



Najua, najua. Nimepotea wiki tano nzima na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimediskoo. Sijadiskoo jamani, nipo, mwaka wa tatu, Elimu, Jiografia na Kiswahili kama kawaida. Nilirudi field nikiwa na majarida ya kusahihisha kuliko nguo, halafu laptopu ninayoazimaga nayo ikafa. Haya, tuyaache hayo.

Leo sileti habari za foleni ya maji bwenini wala za bumu. Leo nina hasira, na imeanzia kwenye semina ya Jiografia Alhamisi iliyopita. Kundi moja liliwasilisha mada ya ongezeko la watu na matumizi ya ardhi hapa Dodoma. Slaidi nzuri, ramani nzuri, kila kitu safi. Wakati wa maswali mwenzetu mmoja (simtaji, anajijua, na nadhani huwa anapita hapa kusoma, mambo kaka?) akasimama akasema tatizo la wenyeji wa huku ni uvivu. Wameuza mashamba wenyewe, hela wamenywea, sasa wanalia kwamba mji umewameza. Darasa zima likacheka.

Na mimi nikacheka.

Hapo ndipo penye kidonda. Mimi ni binti wa Kigogo, nimezaliwa upande wa barabara ya Iringa, babu yangu ni mmoja wa hao "waliouza wenyewe", na nilicheka ili nisionekane. Nikarudi bwenini nikalala bila kula. Kwa hiyo haya ninayoandika nilitakiwa kuyasema palepale, na nisamehewe kwa kuchelewa.

Tuanze na namba, maana jamaa alisema kwa namba hawezi kubishiwa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Karibu mara mbili kwa miaka 10! Katikati hapo mnakumbuka yaliyotokea: Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza serikali inahamia kweli Dodoma, Mei 2017 akaivunja CDA, tarehe 26 Aprili 2018 tukawa Jiji, Mji wa Serikali ukaanza kule Mtumba. Mpaka hapo tupo pamoja.

Ila kuna namba ambayo kundi lile halikuionyesha. Mkoa mzima wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na 3,085,625 mwaka 2022. Toa. Ni ongezeko la zaidi ya milioni 1. Jiji limechukua kama laki 3 na elfu 54 tu. Waliobaki, karibu laki 6 na nusu, wameongezeka nje ya Jiji: Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa. Kwa hiyo ile picha ya kitabuni, kwamba vijiji vinahamia mjini na mashamba yanabaki matupu yakisubiri mwenye trekta, huku kwetu haipo. Mji unajaa na vijiji vinajaa kwa wakati mmoja. Mkulima wa pembezoni anayesukumwa na mji akigeuka nyuma anakuta jirani naye ana watoto 7 na anatafuta pa kulima. Anasogea wapi?

Sasa niwaambie habari za babu.

Babu alikuwa na ekari 11. Siyo pamoja, na hili ni muhimu, nitalirudia. Kipande kimoja kichangani cha uwele na karanga, kingine chini kwenye udongo mzito cha mtama, na ekari 2 za zabibu karibu na nyumba. Mwaka 2017 aliuza ekari 4 kwa sh. 900,000 kila ekari. Mwaka 2019 akauza 5 nyingine kwa milioni 2 kila moja. Zimebaki zile 2 za zabibu. Aliyenunua za kwanza alikata viwanja, na mimi mwenyewe nimesikia kiwanja kimoja pale kikiuzwa milioni 3. Ekari moja ukitoa njia inatoa viwanja vitano hivi. Fanyeni hesabu, nyie wa Hisabati mpo.

Hela "alinyweaje"? Nawapa orodha kama ninavyoijua. Bibi alifanyiwa upasuaji wa mguu. Tembe ikavunjwa, ikajengwa nyumba ya tofali na bati. Baba mdogo akalipiwa VETA. Wakanunuliwa ng'ombe 6, ambao baada ya miaka miwili waliuzwa kwa hasara kwa sababu pa kuchungia palishakuwa viwanja vya watu na kila wiki kesi. Na mwaka 2021 nilipochaguliwa kidato cha 5, ada, godoro, tranka na nauli vilitoka hukohuko. Mimi nimekaa kwenye kiti cha semina nikicheka, na kiti chenyewe kimenunuliwa na shamba la uwele. Pombe? Ndiyo, babu anakunywa. Anakunywa tangu 1970 na alikuwa analima vilevile.

Lakini swali la mwenzetu lipo palepale: kwa nini aliuza? Hakushikiwa bunduki.

Nilimuuliza babu swali hili likizo iliyopita. Akacheka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, ardhi ni ya serikali. Sisi tunaikalia tu. Ukikuta anayetaka kukulipa kabla hujaondolewa, unashukuru." Nilidhani ni maneno ya uzee. Baadaye nikakaa nikahesabu ni mara ngapi mtu wa umri wake ameona ardhi ikiondoka kwa tangazo, na nikaona ni mimi mwenye degirii nisiyejua kitu.

Akiwa kijana wa miaka 20 hivi ikapita Operesheni Dodoma, 1970 na 1971, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakapangwa kwenye vijiji vya ujamaa. Alikoacha tembe ya baba yake, hajarudi. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yaje Dodoma na ikaundwa CDA, na ardhi ya mji ikawa chini yake. Mtu aliyetaka kiwanja alipewa mkataba wa miaka 33, akapanga, mwenye ardhi yuko ofisini. Mwaka 1979 huko Kondoa mifugo ikaondolewa kwa amri kwenye maeneo yaliyomomonyoka, mradi wa HADO, na ndugu zetu wa huko walikuja na ng'ombe mpaka huku chini. Sisemi kila moja ya haya lilikuwa baya. Kondoa miti ilirudi kweli, nimeiona. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeishi hayo yote amejifunza somo moja kwa vitendo, miaka 50, na kalielewa vizuri kuliko sisi tunavyoielewa demografia: shamba ni lako mpaka siku watu wa vigingi watakapokuja.

Na walikuja. Mwaka 2017, miezi michache kabla ya kuuza, watu wakapita na vifaa vya kupimia wakachomeka vigingi mpaka katikati ya mtama. Hawakusema wametoka wapi. Wiki iliyofuata akaja dalali na pikipiki: Mzee uza sasa, wakichukua hawa utaambulia fidia ya miti miwili. Mpaka leo hatujui wale wa vigingi walitumwa na nani, na wala haikuhitajika tujue. Kigingi kilishafanya kazi yake.

Mniambie sasa. Mtu akiuza kwa laki 9 kitu ambacho ana uhakika atanyang'anywa bure, huyo ni mvivu? Mimi naona amepiga hesabu sawasawa kwa taarifa alizokuwa nazo. Taarifa ndizo zilikuwa mbovu.

Maana sheria haisemi alichosema dalali. Sheria za ardhi za 1999, zote mbili, namba 4 na namba 5, zinasema ardhi ina thamani, na anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Inahesabiwa thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, mazao, posho ya usumbufu, usafiri, na ikicheleweshwa kupita miezi 6 inaanza kuzaa riba. Nimesoma hayo maktaba kwa ajili ya kozi. Babu angeyasoma wapi? Na hata angeyasoma, kuna mtego ambao hautajwi kwenye slaidi. Kwenye kijiji kuna mkutano mkuu wa kijiji, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila huo mkutano. Unaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji kikiingizwa ndani ya mpaka wa mji kinaitwa mtaa. Mtaa una mwenyekiti, una muhuri, unakuandikia barua ya utambulisho wa benki. Madaraka juu ya ardhi hauna. Watu walewale, mbuyu uleule, jina la kijiji limeondoka na mkutano wenye nguvu umeondoka nalo, na ndipo shamba linapopanda thamani. Bahati mbaya gani hiyo!

Halafu kuna hii: mwaka wa fedha 2018/19 Jiji letu liliongoza halmashauri zote nchini kwa mapato ya ndani, na tuliimba sana. Hela nyingi zilitoka kwenye viwanja. Sina tatizo na mji kujitegemea, shule na stendi zimejengwa. Ila tukubaliane kwamba kama mapato ya mji yanatokana na kugeuza shamba kuwa kiwanja, usitegemee mji huohuo ukae ukimshauri mkulima asiuze.

Niliposema baadhi ya haya kwa wenzangu chumbani, mmoja akanijibu kisomi. Akaleta Boserup. Mnamkumbuka, yule mama wa Denmark, 1965: watu wakiongezeka, kilimo kinabanwa na kinakuwa bora zaidi, mbolea, matuta, mazao ya thamani. Akaongeza Machakos kule Kenya, ambako watu waliongezeka zaidi ya mara 5 kati ya miaka ya 1930 na 1990 na ardhi iliyokuwa imekwisha kwa mmomonyoko ikapona, ikawa na makingamaji na miti kuliko mwanzo. Kitabu chake cha 1994 tunacho maktaba. Kwa hiyo, akasema, acha watu waje, wakulima wenu watabadilika.

Nampa mia kwa kusoma. Ila angalia vizuri huyo mkulima wa Machakos. Alichimba makingamaji miaka 10 kwenye shamba ambalo alijua mwanawe atalirithi. Nairobi ilikuwa karibu kiasi cha kumnunulia kahawa na maembe, na haikuwa imeingia ndani ya ua wake na vigingi. Nani atachimba tuta la miaka 20 kwenye ekari anayoamini ana miaka miwili nayo? Zabibu yenyewe huvuna siku hiyohiyo uliyopanda? Unasubiri mwaka mmoja na nusu, miwili, ndipo uone kitu, baada ya hapo ukiutunza mzabibu unakuvunia mara mbili kwa mwaka, miaka na miaka. Kulikuwa na zao gani zuri kuliko hilo kwa nadharia ya Boserup? Eneo dogo, kazi nyingi, thamani kubwa, tena Dodoma ndiyo penyewe nchi nzima. Na mizabibu inang'olewa pembeni ya mji huu kwa sababu shina linalala kwenye kiwanja namba fulani kitalu fulani.

Von Thünen naye, 1826, alichora mji na miduara: karibu na mji mboga na maziwa, mbali kidogo nafaka, mbali zaidi mifugo. Tunamfundisha kidato cha 5 kwa heshima zote. Nendeni soko la Sabasaba muulize nyanya zimetoka wapi. Ilula, Iringa. Vitunguu Singida. Mahindi yamepitia Kibaigwa. Mduara wetu wa kwanza ni viwanja vilivyozungushiwa msingi wa mawe na kuachwa viote michongoma, mwenyewe yuko Dar anasubiri bei. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Shamba likiwa nyumba ya mtu sawa, mtu anaishi. Shamba limetoka kwenye uwele limekuwa pori la kusubiria bei.

Sasa nirudi pale nilipoahidi, vipande vitatu vya babu. Huku kwetu mvua ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka ikijitahidi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na inaweza kunyesha kwa jirani ikakuruka wewe. Wazee walijua. Ndiyo maana unalima kichangani na unalima mbugani, ng'ombe wako wengine unawaweka kwa rafiki upande mwingine kabisa. Ile njaa ya Mtunya, 1917 mpaka 1920, iliwafika Wagogo baada ya vita ya wakubwa kuwamaliza nafaka, ng'ombe na vijana waliobebeshwa mizigo, Mjerumani kwanza, Mwingereza baadaye. Yaani ukame ulikuwepo siku zote, kilichoua ni kuondolewa akiba. Babu alipouza vipande viwili hakupoteza ekari 9 tu, alipoteza na ule mpango wa kutoweka mayai kwenye tenga moja. Lakini kwenye fomu ya mauziano pameandikwa tu: shamba lisiloendelezwa.

Na matokeo yake nimeyaona field. Shule niliyopangiwa iko pembezoni, darasa la watoto 90 na zaidi, nusu wageni wa mji na nusu wenyeji. Februari nikaona wenyeji wanasinzia, wengine hawana daftari, binti mmoja wa kidato cha pili anakuja na mdogo wake mgongoni. Nikadhani utoro wa kawaida. Kumbe wazazi wameuza karibu, sasa wanakodi mashamba mbali, wengine mpaka Kiteto, wanaondoka Desemba wanarudi Mei au Juni. Watoto wanabaki peke yao na debe la unga. Yule binti ndiye mama, ndiye baba, ndiye mlinzi. Wavulana Jumamosi wanabeba zege saiti, na hapo wanajenga kwenye mashamba ambayo majina yake bado wanayajua. Niliweka alama ya utoro kwenye daftari la mahudhurio wiki tatu kabla ya kujua. Sikupewa fomu ya kuandika "wazazi wamefuata shamba".

Sasa msinielewe vibaya, maana najua kuna wengine watasoma na kufurahi upande wa pili. Wale wa "ardhi ya mababu isiguswe" nao siwaungi mkono. Wengi wao wanaishi Area C. Kulima na jembe la mkono kwenye ukame si ushairi. Baba yangu alikimbia kilimo, anaendesha bajaji, na hataki kurudi. Mama anauza maandazi kwa mafundi na bila mji asingekuwa na wateja. Na chuo hiki tunachosomea, tangu 2007, kimekaa kwenye vilima vya Chimwaga, na ukishuka Ng'ong'ona au Iyumbu kumuuliza mzee alikuwa analima wapi, atanyoosha kidole kwenye mabweni yetu. Siwezi kusema mji usije. Umekuja. Treni ya SGR imefika 2024, barabara ya mzunguko ya kilomita 112 inapita Nala, Veyula, Mtumba mpaka Matumbulu, na kila inapopita bei inapanda.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Wanaopima waje na barua, wakae mkutanoni, waseme wametumwa na nani kabla ya kigingi cha kwanza. Mtu wa ardhi aje mtaani awaeleze watu fidia inahesabiwaje, kabla dalali hajaeleza. Kwenye ramani ya mji yatengwe mashamba, kabisa, yaandikwe shamba, zabibu zibaki zabibu. Hata mpango wa kwanza wa 1976, uliochorwa na Wakanada wa Toronto, ulitaka makao makuu yanayofanana na kijiji kikubwa, watu wenye ardhi na miti, sasa tumeshindwa hata kuuonea aibu? Na mwenye shamba kubwa akitaka kuuza, apimiwe viwanja vyake auze mwenyewe kama viwanja, asiuze ekari kwa laki 9 kwa mtu atakayefanya kazi hiyohiyo mwezi unaofuata. Na kiwanja kilichokaa pori miaka mitano, mwenyewe alipe mpaka aone uchungu.

Kaka wa semina, nakusubiri. Wiki ijayo kundi letu ndilo linawasilisha, na safari hii nitakaa mbele.

Ila kabla ya hapo kuna Jumamosi. Dalali amerudi nyumbani. Anataka zile ekari 2 za zabibu, anatoa milioni 12 kwa zote. Baba mdogo anataka ziuzwe, apate mtaji. Babu amenyamaza. Bibi, ambaye mara zote mbili hakuulizwa, kanipigia simu juzi usiku, kaniambia, "Wewe si ndiyo unasoma mambo ya ardhi? Njoo useme mbele yao." Sijawahi kusema chochote kwenye kikao cha ukoo, na baba mdogo ndiye aliyenilipia simu hii ninayopigiwa. Nimechapisha vifungu vya sheria kurasa 4, sh. 100 kwa ukurasa pale stesheni ya Social. Nimeuliza bei ya kiwanja kilichopimwa kule kwetu kwa watu watatu tofauti, wa chini kabisa amesema milioni 3 na nusu.

Kikao saa 4 asubuhi. Nauli ninayo. Nikirudi nitawaambia kilichotokea, kama nitarudi na sauti.